Lewiathani: Jina Hili Lina Maana Gani?



Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ile iliyopigwa chapa mwaka 1952 na ambayo mpaka leo imo katika nyumba nyingi za nchi hii, liko neno ambalo msomaji akilifikia husita. Amekwisha kusoma habari za simba, na ng'ombe, na ngamia, na nyoka, na hao wote awajua, au kama hajawaona kwa macho amesikia habari zao. Kisha hukutana na lewiathani. Hakuna mvuvi wa Lamu wala wa Kisumu aliyepata kumtia wavuni samaki wa jina hilo, na sokoni hauzwi. Mwalimu wa dini akiulizwa na watoto, mara nyingi hujibu, "Ni mnyama mkubwa wa baharini," kisha huendelea na somo lake. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Nataka leo kulieleza neno lenyewe: limetoka wapi, maana yake nini, na kwa sababu gani yafaa maana hiyo ijulikane.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mtu asije akafikiri kwamba lewiathani limetokana na neno letu kulewa, ati ni mnyama ayumbaye majini kama mtu aliyekunywa tembo. Maneno kufanana kwa sauti si dalili ya udugu. Mtu apakaye chokaa ukutani hana ujamaa na paka akamataye panya. Neno hili ni la Kiebrania, nao Waebrania hulitamka livyatan. Shina lake ni herufi tatu, l, w na y, na maana ya shina hilo ni kupinda, kusokota, kuzonga. Waliosoma Kiarabu watalitambua mara moja, maana Kiarabu ni ndugu ya Kiebrania, nacho kina kitendo lawa, yaani kupinda au kusokota. Katika Kiebrania chenyewe liko neno livya, ambalo ni shada la kuvikwa kichwani, kitu kilichosokotwa. Nalo limo katika kitabu cha Mithali, mlango wa 1 na mlango wa 4.

Basi livyatan ni yule ajizongazongaye, ajikunjaye mapindi juu ya mapindi. Si jina la namna ya mnyama, kama papa au nguru au taa. Ni sifa iliyogeuzwa kuwa jina. Mswahili angalitaka kuliunda kwa mali yake mwenyewe pasipo kuazima kwa mtu, angalisema Mzongaji, au Joka la Mapindi.

Nasema joka kwa makusudi, kwa maana lugha yetu haina umaskini hapa. Nyoka akipita kiasi twamwita joka. Mtu akipita kiasi huwa jitu. Na kitu kikubwa tusichokijua jina twakiita dude, kisha twanyamaza. Waebrania nao walikuwa na neno la namna hiyo, tannin, ambalo hutajwa kwa majoka ya bahari, na pia kwa ile fimbo ya Haruni iliyogeuka mbele ya Farao. Tannin ni kabila zima. Livyatan ni mmoja aliye na jina lake.

Jina hilo limo katika Biblia ya Kiebrania mara sita tu, katika mistari mitano: mara mbili katika Ayubu, mlango wa 3 na mlango wa 41, mara mbili katika Zaburi, ya 74 na ya 104, na mara mbili katika mstari mmoja wa Isaya, mwanzo wa mlango wa 27. Katika habari za Yona halimo kabisa. Yule aliyemmeza Yona, kwa Kiebrania, ni samaki mkubwa basi, na katika Kurani, katika habari za Nabii Yunus, ni al-hut, ambalo ni neno la samaki au nyangumi. Watu huwachanganya wawili hawa, lakini ni habari mbalimbali.

Kwa muda wa karne nyingi wasomaji wa Isaya walikuwa na fumbo mkononi. Nabii amtaja lewiathani kwa sifa mbili, nyoka mwepesi akimbiaye na nyoka azongaye, kana kwamba wasikilizaji wake walikwisha kuzijua sifa hizo kwa moyo. Walizijua kutoka wapi? Na mtunga Zaburi ya 74 anena ya kwamba Mungu aliviponda vichwa vya lewiathani. Mnyama mmoja, vichwa vingi! Wengine walidhani ni kosa la mwandishi, wengine walisema ni fumbo la majeshi ya Farao yaliyozama.

Jibu lilifukuliwa na jembe. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa nchi ya Shamu, karibu na mji wa Latakia, pwani ya bahari ya Mediterania, alikuwa akilima shamba, na jembe lake likagonga jiwe kubwa. Chini ya jiwe palikuwa na kaburi la kale. Habari zikawafikia wenye elimu, na mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer akaanza kuchimba hapo na katika kilima cha jirani kiitwacho Ras Shamra. Chini ya kilima kile kulikuwa na mji mzima, Ugarit, mji wa wafanya biashara ulioharibiwa kiasi cha mwaka 1185 kabla ya kuzaliwa Kristo, usijengwe tena. Katika nyumba zake walipata vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa alama mfano wa kabari. Alama zenyewe zilikuwa 30 tu, na kwa hiyo watu wakatambua kwamba ni alfabeti. Kufikia mwaka 1930 zilikuwa zimekwisha kusomwa, kwa kazi ya Mjerumani Hans Bauer na Wafaransa Édouard Dhorme na Charles Virolleaud. Lugha iliyotokea ilikuwa jamaa ya karibu ya Kiebrania. Anayejua Kikuyu akimsikia Mkamba akisema, hukosa maneno mengi lakini hushika mengi vilevile. Udugu wa Kiugarit na Kiebrania wafanana na huo.

Katika vibao hivyo mna hadithi za miungu ya Kanaani. Baali, mungu wa mvua na ngurumo, apigana na Yam. Na yam, kwa Kiebrania pia, ni bahari. Baadaye apeleka ujumbe kwa Mot, naye Mot ndiye Mauti. (Neno hili halina haja ya mkalimani, kwa kuwa limetufikia sisi kwa njia ya Kiarabu, na bado twalitumia tuzikapo watu wetu.) Mot katika jibu lake amkumbusha Baali siku ile alipompiga Litan, nyoka akimbiaye, nyoka azongaye, mwenye nguvu, mwenye vichwa saba.

Haya ndiyo maneno ya Isaya. Si maana yake tu iliyofanana. Sifa zile mbili za nyoka ni maneno yale yale, herufi kwa herufi karibu, ila yameandikwa karne nyingi kabla ya Isaya kuzaliwa. Na vichwa saba vikaieleza Zaburi. Msomaji akikumbuka pia joka la Ufunuo, mlango wa 12, lenye vichwa saba na pembe kumi, ataona jinsi ukoo wa mnyama huyu ulivyo mrefu.

Jina lake katika vibao ni herufi tatu tu, l, t, n, kwa kuwa Waugarit waliandika kama mzee wa pwani aandikavyo barua kwa herufi za Kiarabu pasipo kutia irabu. Kwa miaka mingi wataalamu walilisoma Lotan. Mwaka 1982 John Emerton, mwalimu wa Kiebrania katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoa hoja kwamba lapaswa kusomwa Litan, maana ndilo livyatan lile lile baada ya w na y kumezwa na ulimi. Wengi wameikubali hoja hiyo.

Najua wako watakaoingiwa na wasiwasi wakisikia hivi. Je, manabii waliokota hadithi za waabudu Baali? Mimi sioni sababu ya wasiwasi. Mtu anenaye na watu hana budi kutumia maneno waliyo nayo watu. Walioifasiri Biblia kwa Kikuyu waliandika Ngai, jina ambalo Wakikuyu na Wakamba na Wamasai walilitaja kabla ya kitabu chochote kufika kwao, wala hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo Injili imeharibika. Isaya alifanya zaidi ya kuazima. Kwa watu wa Ugarit kumpiga joka ni jambo la zamani, limekwisha pita, na aliyempiga ni Baali. Isaya asema jambo hilo bado halijatimia, litakuwa siku moja ijayo, na upanga ni wa Bwana. Wasikilizaji wake walikijua kisa. Kilichowashtua ni kubadilishwa kwa mwenye upanga.

Sasa tuje kwa Ayubu, maana hapa ndipo maana ya neno inapotugusa sisi wasomaji wa Kiswahili. Ukiifungua Biblia ya Muungano katika Ayubu mlango wa 3, na katika Zaburi, na katika Isaya, utalikuta jina lewiathani. Ukiifungua katika Ayubu mlango wa 41 hulikuti. Mahali pake pana mamba. Ni neno moja katika Kiebrania, lakini wafasiri walilitia mavazi mawili.

Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Wafasiri wa kwanza kabisa, Wayahudi waliotia maandiko yao katika Kiyunani kabla ya Kristo, nao hawakukubaliana na nafsi zao: karibu kila mahali waliandika drakon, yaani joka, lakini katika Ayubu mlango wa 3 waliandika mnyama mkubwa wa baharini. Katika Kilatini jina Leviathan liliachwa kama lilivyo katika Ayubu na Isaya, na katika Zaburi likawa joka. Habari ya mamba ilipata nguvu katika karne ya 17. Mfaransa Samuel Bochart, mchungaji wa Kiprotestanti katika mji wa Caen, aliandika kitabu kikubwa mno juu ya wanyama wote wa Biblia, kikapigwa chapa London mwaka 1663. Na humo alishika kwamba lewiathani wa Ayubu ni mamba wa mto Nile, na yule mwenzake behemothi ni kiboko. Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi wengi walimfuata. Na kweli, mamba yumo katika picha ile. Magamba yaliyoshikamana hata hewa haipiti kati yake, meno yanayotisha pande zote, tumbo linaloacha alama katika matope kama chombo cha kupuria nafaka: mtunga shairi bila shaka alikuwa amesikia habari za mamba, au alimwona.

Lakini mimi naona jambo moja haliwezekani. Bwana amwuliza Ayubu kama aweza kumvuta mnyama huyu kwa ndoana, kumtia kamba puani, kumgawa kati ya wafanya biashara. Swali la namna hiyo latazamia jibu moja tu: Siwezi, wala hakuna mtu awezaye. Basi msomee mtu wa mto Tana maneno hayo, ukiweka mamba mahali pa lewiathani. Atakujibu kwa adabu kwamba mamba ni adui mbaya na amekula watu wengi, lakini huuawa. Mtu wa Misri ya kale angalikujibu vivyo hivyo. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, ameeleza jinsi walivyomvua. Walitia mgongo wa nguruwe katika ndoana, wakauacha uchukuliwe na maji katikati ya mto. Na huku ukingoni mtu alimpiga mwana wa nguruwe aliye hai, ili alie. Mamba huisikia sauti, huifuata, hukutana na chambo, hukimeza, nao humvuta mpaka nchi kavu. Akisha kufika huko, kazi ya kwanza ni kumpaka tope machoni. Wakifanya hivyo, asema Herodotus, yaliyobaki ni mepesi. Wasipofanya, wana taabu.

Kwa ndoana, kama mnavyosikia! Basi kama lewiathani ni mamba, Ayubu angaliweza kujibu, "Mimi siwezi, lakini wako wavuvi wawezao."

Na kumbukeni ni nani aulizwaye. Ni mtu aliyefiwa na watoto wake wote siku moja, akapoteza mali yake, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae, na rafiki zake wakamwambia kwamba bila shaka ametenda dhambi. Yeye ataka kujua sababu. Jibu apewalo, likubalike au lisikubalike, ni kwamba ulimwengu una mambo makubwa ambayo mkono wa mwanadamu haufiki, wala sheria zake hazikutungwa kwa kipimo cha mwanadamu. Jibu hilo likisimama juu ya mnyama ambaye watu wa Nile walimvua kwa mgongo wa nguruwe, lapoteza uzito wake. Likisimama juu ya yule Mzongaji ambaye hata miungu ya jirani ilipigana naye kwa shida, Ayubu atanyamaza, na msomaji pamoja naye. Tena mlango wenyewe wanena juu ya moto utokao kinywani, na moshi puani, na bahari inayochemka kama chungu, na njia ing'aayo nyuma ya mnyama hata kilindi kikaonekana kama kina mvi. Mamba wa mto hafanyi hayo, na kilindi si makao yake.

Kwa hiyo nawasifu wale ambao katika tafsiri nyingine za Kiswahili, zilizofuata baada ya ile ya mwaka 1952, wameliweka jina lenyewe katika mlango wa 41. Jina geni humfanya msomaji aulize. Jina analolijua, likiwa si lake, humfanya apite akidhani amefahamu, na mwalimu hapati hata nafasi ya kumsahihisha.

Wako pia watu wa siku hizi wanaotaka kuthibitisha kwamba lewiathani ni mmoja wa wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao huchimbwa ardhini. Hao nao wamelisahau jina. Hakuna mjusi mwenye vichwa saba aliyepata kuchimbwa popote.

Mambo yaliyompata neno hili baada ya Biblia ni mengi, nami nitayapita upesi. Wayahudi walisimulia kwamba mwisho wa dunia nyama ya lewiathani itakuwa karamu ya wenye haki, na ngozi yake itakuwa hema yao. Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes aliliweka jina hilo juu ya kitabu chake cha habari za serikali, kwa kuwa aliiona dola kama jitu kubwa lililoundwa na watu wengi, linalotawala kwa kutisha ili watu wasiuane. Katika Kiebrania cha leo livyatan ni nyangumi tu, na mtoto wa shule huko Israeli akilisikia hashituki. Mwaka 2010 wataalamu walieleza mifupa ya nyangumi wa kale sana iliyopatikana katika jangwa la Peru, mwenye meno ya kupata urefu wa sentimeta 36, wakampa jina Leviathan. Mara wakaambiwa kwamba jina limekwisha chukuliwa: mwaka 1841 mtu mmoja alikwisha kulitia katika mifupa ya mnyama wa jamaa ya tembo. Sheria ya elimu ya wanyama hairuhusu jina moja kwa wanyama wawili. Basi wakarudi kwenye Kiebrania, wakaandika Livyatan, na ndivyo aitwavyo mpaka sasa.

Nimeiacha Zaburi ya 104 iwe ya mwisho, kwa kuwa hapo Mzongaji hafanani na mahali pengine popote. Hakuna upanga, hakuna kichwa kinachopondwa. Mtunga zaburi aitazama bahari, kubwa na pana, aona merikebu zikipita, na katika mstari huo huo, kama ambaye ataja jambo la kila siku, amtaja lewiathani, kwamba Mungu alimwumba acheze. Waisraeli hawakuwa watu wa bahari kama Wabajuni au Wavumba. Waliiogopa, na katika vitabu vyao bahari ni adui mara nyingi. Hapa tu yule wa kutisha kuliko wote amepewa mchezo.

Na hapa wafasiri walikutana na neno dogo kuliko yote, bo. Katika Kiebrania ni herufi mbili. Bahari kwa Kiebrania ni neno la kiume, na livyatan ni la kiume vilevile. Kwa hiyo bo yaweza kuwa ni ndani ya bahari, na yaweza kuwa ni pamoja na mnyama mwenyewe. Mwebrania akiandika hivyo hana haja ya kuchagua. Mswahili hana budi, kwa kuwa lugha yetu hutenga mahali na kiumbe: ama lewiathani aliumbwa acheze humo, ama aliumbwa ili Mungu acheze naye. Wafasiri wa mwaka 1952 walichagua humo. Marabi wa Kiyahudi, katika Talmudi yao, walichagua naye. Wakasema kwamba mchana una saa kumi na mbili, na Mungu hushughulika na sheria, na hukumu, na kuwalisha viumbe wote, wakubwa kwa wadogo, mpaka saa tisa zimekwisha. Na katika saa tatu zilizobaki, jua likiteremka, huketi akacheza na lewiathani.